Kamera haijui bi harusi ni nani

Swali limetoka kwa kijana wa Mbagala Rangi Tatu:

"Shikamoo mwalimu. Mjomba wangu aliyeko Marekani aliniletea kamera ya video aliyokuwa akiitumia mwenyewe, ile ya kushika kwa mkono mmoja yenye skrini ya kufungua pembeni. Wiki tatu zilizopita nilipiga sendofu ya binamu yangu ukumbini Temeke. Tulipoweka kwenye TV nyumbani ikawa aibu. Uso wa binamu mweusi tii huku gauni linawaka, kuna mistari inapanda na kushuka kwenye picha, na shangazi alitoka sebuleni akisema kichwa kinamuuma kwa kutikiswatikiswa. Nina akiba ya laki nane. Ninunue kamera gani ili niianze kazi hii kwa heshima? Video nimekutumia."

Marahaba, mdogo wangu. Hiyo laki nane iache hapo hapo ilipo kwanza.

Video yako nimeitazama yote, dakika 11, na mara ya pili niliitazama na kalamu mkononi. Shoti, yaani kipande kimoja kilichorekodiwa bila kukatwa, iliyokaa muda mrefu kuliko zote bila kusogezwa wala kuzumiwa ina sekunde 4. Kamera yako nzima kabisa. Sehemu kubwa ya unayolalamikia ina mzizi mmoja: uliiachia kamera iamue, na kamera haijui bi harusi ni nani. Yenyewe inaona vyeupe, vyeusi na vinavyosogea, basi. Haijui kwamba yule mwenye gauni ndiye aliyewakusanya watu wote pale, na kwamba mhudumu anayekatiza na kreti ya soda ni mpita njia. Kila kitufe ulichokiona kwenye mwili wake kimewekwa ili wewe umwonyeshe huyo mtu. Ukinunua nyingine ya milioni tano ukaiacha kwenye AUTO, nayo haitamjua.

Tuanze na mistari, maana hiyo wala si kosa lako. Ni umeme.

Umeme wetu hapa Tanzania unapiga mizunguko 50 kwa sekunde. Taa za tyubu na LED nyingi za bei rahisi huwaka na kufifia mara mbili katika kila mzunguko, yaani mara 100 kwa sekunde. Jicho haliwahi kuliona hilo, kamera inawahi. Sasa huko kwa mjomba umeme ni mizunguko 60, kwa hiyo kamera yake iliundwa kuhesabu kwa 60: inachukua picha 30 kwa sekunde, na shata, yaani ule muda ambao kila picha inapokea mwanga, ni 1/60 ya sekunde. Ukiileta chini ya taa za Temeke hesabu hizo mbili hazikutani. Picha moja inaikuta taa imewaka, nyingine inaikuta inafifia, na tofauti hiyo ndiyo mistari yako.

Fungua menyu utafute maneno PAL na NTSC: PAL ni mfumo wa video wa huku kwetu kwenye 50, NTSC ni wa huko kwa mjomba kwenye 60. Ikikubali PAL, chagua hiyo, upate picha 25 kwa sekunde, kisha shata iweke 1/50. Kamera nyingi ndogo zilizouzwa Marekani hazikupewa chaguo hilo. Ukikuta halipo usihangaike, baki na picha zako 30, ila shata itoe kwenye AUTO uiweke 1/50, au 1/100 kama ya kwanza haimo. Kwa taa za kawaida mistari itaondoka. Zile taa za rangi za ukumbini, za mapambo na za disko, zina mapigo yao wenyewe, na kwa hizo sina dawa zaidi ya kujaribu shata moja baada ya nyingine huku unaangalia skrini. Fanya hivyo saa tisa alasiri wakati mpambaji bado anafunga vitambaa, si saa mbili usiku mama mzazi anapoingia.

Na kama kamera yako ina 1/500 na 1/1000, usizifurahie. Picha 25 kwa sekunde na shata ya 1/50 ndiyo inayofanya mwendo uonekane kama jicho lilivyouzoea. Ukipandisha sana, mikono inayopiga makofi itaonekana inarukaruka kama kuku aliyeshtuka. Juani, ambapo 1/50 inaleta mwanga mwingi mno, watu huvisha lenzi kioo cheusi, kama miwani ya jua. Baadhi ya kamera zinacho ndani tayari.

Sasa uso, na hapa tukae kidogo.

Kipimo cha mwanga kilichomo ndani ya kamera kina imani moja tu: kwamba vitu vyote vilivyo mbele yake, ukivichanganya, ni kijivu cha katikati. Elekeza kamera kwenye gauni jeupe lililojaza nusu ya fremu, yaani picha yote unayoiona kwenye skrini, na nyuma ya gauni kuna pazia limetundikwa taa, itasema mwanga umezidi na itaanza kuubana. Uso ulio katikati ya weupe huo unazama. Kanzu nyeupe inafanya vivyo hivyo, na dirisha lililo nyuma ya mtu ni baya zaidi. Mgeukie bwana aliyevaa suti nyeusi kwenye kona yenye giza, kamera inafungua kila kitu, na uso wake unatoka umepauka kama kapakwa unga.

Ngozi zetu zimeonewa na imani hiyo kwa muda mrefu. Enzi za filamu za kusafishwa maabara, rangi zilikuwa zikipimwa kwa kadi zenye picha ya mwanamke mzungu, mafundi wakiziita Shirley. Uso wa mwanamke wa Kiafrika haukuwemo kwenye kipimo, ndiyo maana kwenye albamu za wazazi wetu unaona meno na macho tu. Kamera za siku hizi zimeboreka sana, ila AUTO bado inapima fremu nzima, na fremu nzima si uso.

Fanya hivi. Zumu mpaka uso wa bi harusi mtarajiwa ujaze skrini. Ngoja sekunde mbili, mwanga utulie kwenye ngozi. Kisha ufunge mwanga huo, kwa kitufe au kupitia menyu, kamera yako inayo sehemu ya kuuweka kwa mkono. Halafu rudisha zumu nyuma. Kwenye kamera ndogo lenzi hupokea mwanga pungufu inapozumu, hivyo ukirudi picha inaweza kung'aa kidogo. Punguza mwanga hatua moja. Pazia la nyuma likipauka, lipauke. Hakuna aliyetoa mchango ili aje kulitazama pazia. Kwenye simu jambo hilo hilo linafanyika kwa kukandamiza kidole juu ya uso kwenye skrini bila kukiachia mpaka ikuonyeshe kwamba imefunga. Simu nyingi zinakubali.

Angalia pia kama menyu ina michoro ya pundamilia. Ni mistari inayojichora juu ya sehemu zilizopata mwanga mpaka zikapoteza alama zote. Iweke kwenye 100. Ikigusa gauni hapa na pale si neno, lakini ikilifunika lote, yale maua ya lesi yaliyomkesha fundi hayatarudi hata uhariri vipi. Ikitokea kwenye paji la uso ujue ni jasho. Hiyo si kazi ya kitufe. Mwite dada wa bi harusi aje na kitambaa na poda.

Ukumbi ukiwa na giza kamera hujiongezea nguvu, geini, na picha inajaa chengachenga. Usiiogope sana. Uso unaoonekana wenye chenga kidogo ni afadhali kuliko kivuli kisafi. Dawa yenyewe ni taa, hata ndogo ya LED, ila usiibandike juu ya kamera ikammulika mtu usoni kama tochi ya mlinzi. Mpe kijana wa kukusaidia aishike pembeni, juu kidogo ya kichwa chake, na ikiwezekana aielekeze kwenye karatasi ya manila nyeupe ili mwanga umrudie mtu ukiwa umelainika. Ngozi nyeusi ni nzuri sana inapopata mwanga wa ubavuni. Inabeba mng'ao kwenye shavu na kwenye mfupa wa pua, sura inapata umbo.

Mchana jua nalo lina tabia zake hapa kwetu. Dar es Salaam ipo karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo saa sita mchana jua linasimama karibu utosini, na mwanzoni mwa Machi na kwenye Oktoba linakuwa utosini kabisa. Ukipiga mtu saa hizo, nyusi zinamwaga kivuli na macho yanakuwa mashimo mawili. Msogeze chini ya mwembe au ukingoni mwa baraza, mahali kivuli kinapoanza, uso wake ukitazama nje. Mwanga mzuri wa jioni unaanza kama saa kumi na moja, na hautusubiri: jua letu linashuka wima, na likishazama unabaki na dakika 20 hivi kabla ya giza. Maharusi wanaoambiwa "tutapiga baada ya Magharibi" wanapigwa gizani.

Na kuna ombi nalipata kila mwezi: jua likizama baharini, Coco Beach. Halizami pale, mdogo wangu. Bahari yetu ipo mashariki, pale jua linachomoza. Jioni linazama mgongoni kwako, upande wa mjini. Hiyo ni neema kama unaijua: msimamishe mtu bahari ikiwa nyuma yake, na mwanga wote wa jioni unamjia usoni bila kulipia hata taa moja. Anayeng'ang'ania jua juu ya maji aende upande wa pili wa rasi ya Msasani, kule Slipway, ambako ufukwe unatazama magharibi.

Rangi nitaipitia haraka. Taa za manjano za zamani zipo karibu na 3200 kwenye kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga, jua la mchana karibu 5600. Kamera ikiwa kwenye AUTO hubadilisha mawazo katikati ya shoti, na uso unatoka kwenye manjano kwenda buluu mbele ya macho ya shangazi. Shika karatasi nyeupe mahali atakapokaa bi harusi, iambie kamera kwamba hii ndiyo nyeupe, basi. Ukihama ukumbi, rudia.

Fokasi, ule ukali wa picha, nayo ina ugonjwa ule ule wa kutomjua mwenye shughuli. Kwenye dakika ya 6 ya video yako MC anapita mbele, kamera inamkimbilia, na mpaka imrudie binti, baba ameshamaliza kumwombea. Kwa mtu aliyekaa kitini hakuna sababu ya kuiachia kamera fokasi. Zumu usoni, iache ishike kope, igeuze iwe ya mkono, rudi nyuma. Ilimradi umbali kati yenu haubadiliki, MC apite hata mara kumi.

Tufike kwa shangazi.

Shangazi ana haki. Umeshika kamera kwa mkono mmoja, kiwiko hewani, umezumu mpaka mwisho. Kadiri unavyozumu ndivyo unavyokuza kila pumzi yako. Rudisha lenzi iwe pana, kisha sogea wewe. Miguu iachane upana wa mabega, viwiko vibane mbavuni, mkono wa kushoto ushike chini ya skrini, mgongo uegemee nguzo au ukuta. Meza ipo? Iweke kamera juu ya mkoba wako mezani. Halafu hesabu, kimoyomoyo: Kariakoo moja, Kariakoo mbili, Kariakoo tatu, mpaka kumi. Nilifundishwa hivyo na mzee mmoja wa studio ya Magomeni, kwa sababu anayehesabu moja mbili tatu akiwa na wasiwasi anamaliza kumi kwa sekunde nne, kama wewe. Bila kumi hizo mhariri hana pa kukatia.

Mwezi huu wa kwanza usizumu wakati unarekodi. Hata kidogo. Zumu ni ya kuchagua fremu kabla hujabonyeza. Na ukitaka kuzungusha kamera kutoka meza ya wazazi hadi kwa bi harusi, tulia kwa wazazi Kariakoo tano, nenda polepole bila kusitasita, fika kwa bi harusi, tulia tano nyingine. Kwenye video yako kamera inazunguka ukumbi mzima kama mtu aliyepoteza funguo.

Nikwambie na la kwangu, ili usidhani nakusimanga. Mwaka wangu wa kwanza nilipiga ndoa moja huko huko Magomeni. Nikabonyeza kuanza, nikadhani haikushika, nikabonyeza tena. Kuanzia hapo nikawa kinyume: nikidhani narekodi, imezimwa, nikishusha kamera nitembee, inarekodi. Pete ilivishwa, watu wakapiga vigelegele, na mimi nikarudi studio na dakika 40 za viatu. Bado nakumbuka soksi za wale mabwana. Tangu siku ile kila nikibonyeza nasoma skrini: maandishi yamekuwa REC? Duara jekundu lipo? Saa inasonga? Ndipo natazama kingine.

Yapo na ya nyumbani kabla hujatoka: betri zote zimejaa, kadi imefutwa na kuandaliwa ndani ya kamera yenyewe baada ya kuhakikisha kazi ya zamani imehamishwa sehemu mbili, lenzi imefutwa kwa kitambaa laini na si kwa shati. Joto la Dar lina mtego mwingine. Kamera iliyokaa chumba cha kiyoyozi au ndani ya gari lenye baridi, ukiitoa ghafla nje, lenzi inavuta ukungu kama glasi ya maji baridi. Iache ndani ya mkoba wake uliofungwa nusu saa izoee, na usijaribu kufuta, utapaka tu.

Sasa tupange fremu, na kwa hili sitaki ujifunzie kwenye harusi ya mtu. Kesho alfajiri nenda kwa mama anayekaanga vitumbua mtaani kwenu. Msalimie, nunua, kula. Kisha mwombe ruhusa.

Anza mbali. Shoti pana: mama, jiko, benchi, barabara, bodaboda zilizopaki. Mtazamaji ajue yuko wapi. Usimweke mama katikati kabisa kama picha ya pasipoti. Igawe skrini kwa mafungu matatu ya wima na matatu ya mlalo (kamera nyingi zina mistari hiyo kwenye menyu, iwashe) umweke kwenye mstari mmoja wa wima, jiko na moshi vichukue upande wa pili. Angalia kilicho nyuma ya kichwa chake. Mitaa yetu ina nguzo za umeme kila mahali, na nguzo ikiota juu ya kilemba cha mtu hakuna atakayesikia anachosema. Hatua moja kushoto inaiondoa.

Kisha keti. Yeye amekaa kwenye kigoda, wewe umesimama unampiga kutoka juu kama askari wa jiji aliyekuja kumfukuza. Wapiga video wengi wa hapa mjini hawakunji magoti, na ndiyo maana wazee na watoto wote kwenye kazi zao wanaonekana wadogo na wanyonge. Shusha lenzi ifikie macho yake. Shoti ya kati, kiunoni kwenda juu: macho yake yakae kwenye mstari wa juu wa yale mafungu, juu ya kichwa ubaki upenyo mdogo tu. Wewe ulimwachia bi harusi nusu ya fremu hewa tupu juu, kama vile ulikuwa unamsubiri arefuke. Akitazama kulia, mwachie nafasi kulia, ayaone anayoyatazama. Ukimbana pua na ukingo wa fremu mtazamaji anaanza kuhisi pumzi inambana. Na popote unapomkata, usikate kwenye kiungo, si gotini wala kiwikoni wala shingoni. Kata katikati ya paja au chini kidogo ya mabega.

Halafu karibu, na hapa ndipo watu wanapokuwa wavivu ilhali ndipo utamu ulipo. Upawa ukimwaga unga uliokorogwa kwenye vishimo vya chuma. Kijiti kikigeuza kitumbua, upande wa kahawia unatokea. Vidole vikihesabu chenji. Uso wake peke yake, akimcheka mteja. Kila moja Kariakoo kumi. Funika lenzi mafuta yanaporuka.

Ukiwa na hizo unaweza kusimulia asubuhi nzima kwa dakika moja bila maneno, kwa sababu kila shoti inajibu swali ambalo iliyotangulia imeliacha. Tuko wapi? Ni nani? Anafanya nini? Anajisikiaje? Kwenye sendofu yako una dakika 11 za "tuko wapi". Mkono wa baba uliotetemeka akishika kisu cha ndafu nimeuona kwa mbali, kwenye kona ya fremu, kwa sekunde moja. Nilitamani nikusukume mgongoni.

Jambo moja la upande wa kusimama. Mama na mteja wanapotazamana, chora mstari wa kufikirika kati yao na ubaki upande mmoja wa mstari huo mpaka tendo liishe. Fikiria daladala ya Mbagala kwenda Kariakoo: ukiipiga kutoka upande huu wa barabara inakwenda kulia. Vuka barabara uipige tena, kwenye skrini inakwenda kushoto, na mtazamaji ataapa kwamba inarudi Mbagala. Binti alipokuwa akimlisha baba yake keki ulizunguka nyuma ya meza, na ghafla baba amekuwa kulia, binti kushoto. Shangazi hakujua kwa nini kichwa kinamuuma, lakini hiyo ilichangia.

Simu au TV, wima au mlalo? Mteja akitaka vipande vya kuweka stetasi, vipige wima vyenyewe, makusudi, kwa simu yako. Usijaribu kukata wima kutoka kwenye mlalo ukitegemea bahati.

Sauti sitaisemea sana kwa kuwa hukuuliza, lakini hotuba ya baba haisikiki, na hilo ni kubwa kuliko chenga. Maiki ya kamera yako iko mita 6 kutoka kwake na mita 2 kutoka kwenye feni. Maiki inapenda ukaribu. Kama huna maiki ya kubana kwenye nguo, weka simu ikirekodi sauti kwenye mfuko wa juu wa koti la mzungumzaji, piga kofi moja mbele ya kamera mwanzoni, na kofi hilo litakusaidia kulinganisha sauti na picha baadaye. Vaa hedifoni. Vilele vya sauti viishie karibu na -12 kwenye kipimo cha sauti cha kamera, visigonge 0. Adhana ikianza katikati ya mahojiano, simamisha, subiri iishe. Kwa heshima, na kwa sababu hutaweza kuiondoa.

Kuhusu ruhusa. Shughuli za wanawake peke yao, singo na unyago, huingii hata kama umelipwa; mtafute dada anayepiga, na mkubaliane mapema nani atakabidhiwa kadi. Feri pale Magogoni ni pazuri sana alfajiri, samaki, moshi, minada, ila Ikulu iko jirani, kwa hiyo kamera itazame samaki. Vyombo vya usalama na majengo yao viache. Ukifika siku ya kutaka kupiga filamu au tamthilia ya kuuza, kuna kibali cha Bodi ya Filamu Tanzania chini ya sheria ya mwaka 1976, na droni ina vibali vyake vya kuanzia Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Usiirushe tu kwa sababu jirani karusha.

Basi laki nane. Cha kwanza, stendi ya miguu mitatu yenye kichwa cha mafuta, kile kinachozunguka kwa uzito bila kuruka. Usinunue ile nyepesi ya plastiki ya kupigia picha, inacheza kama mguu wa meza ya baa. Ijaribu dukani, Kariakoo watakuruhusu ukiwa mkweli kwamba utanunua. Cha pili, maiki ya kubana kwenye nguo. Halafu betri ya pili na kadi mbili za kuaminika, ukizinunua kwa mtu utakayempata tena kesho zikikataa. Ikibaki, taa ndogo ya LED. Manila chukua stationari.

Wiki ijayo nitumie zile shoti za mama wa vitumbua bila kuzihariri, pamoja na zilizoharibika, hizo ndizo ninazozitaka zaidi. Na kabla hujachaji tena, igeuze chaja ya mjomba usome maandishi madogo mgongoni. Ikiandika 100–240V, unahitaji adapta tu ya kubadilisha umbo la plagi. Ikiandika 120V peke yake, usiichomeke kabisa kwenye umeme wetu wa 230.